Jukwaa la Kompyuta Kusini mwa Maniema

Katika elimu ya kompyuta, jukwaa ni msingi ambao programu husimama juu yake: prosesa, yaani kijisahani cha silikoni kinachofanya hesabu zote za mashine, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia diski, kibodi, skrini na programu nyingine, pamoja na kanuni zinazoamua faili liandikwe vipi na kifaa kiunganishwe vipi. Kwa maana hiyo, swali la kompyuta fulani ni ya jukwaa gani huonekana jepesi, na mwenye mashine hulijibu kwa kutazama nembo inayotokea skrini inapowaka. Huko Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo, nembo hiyo inaeleza machache, kwa sababu mashine nyingi hufika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, huwashwa kwa umeme wa paneli za jua au wa jenereta, hukutana na intaneti kwa vipande vya megabaiti vinavyonunuliwa kwenye simu, na zikiharibika hutegemea mafundi wachache wanaojulikana mjini kwa majina. Katika mazingira hayo mtu ni wa jukwaa lile ambamo kazi yake inaweza kufunguliwa, kuchapishwa na kurejeshwa siku mashine yake inapokufa, na taasisi za huko zinapaswa kuchagua kompyuta kwa kipimo hicho kabla ya kingine chochote.

Historia yenyewe ya kompyuta binafsi inakiunga mkono kipimo hicho. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, ilitumia prosesa ya Intel 8088 na mfumo endeshi uliotoka Microsoft, vitu viwili ambavyo kampuni nyingine ziliweza kuvinunua. Kilichobaki mali ya IBM peke yake ni programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya bodi, ile inayoiamsha mashine kabla mfumo endeshi haujapakiwa, na baada ya kampuni ya Compaq kuandika upya programu hiyo bila kunakili ya IBM, soko likafunguka kwa mashine zilizooana na ile ya kwanza. Wanunuzi wa miaka ile hawakuhakikisha uoanaji kwa kufungua kasha. Walipakia Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu, na Flight Simulator ya Microsoft, mchezo wa kuendesha ndege, na mashine iliyoendesha zote mbili bila kukwama ilihesabiwa kuwa ya jukwaa lile hata kama haikuwa na skrubu moja iliyotengenezwa na IBM. Upande wa Apple, Macintosh iliyotoka mwaka 1984 na prosesa ya Motorola ilihamia PowerPC mwaka 1994, ikahamia Intel mwaka 2006, kisha mwishoni mwa 2020 ikaanza kutumia prosesa za Apple yenyewe, na katikati ya safari hiyo, mwaka 2001, mfumo endeshi wake wa awali ulipokewa na mwingine wenye asili ya Unix. Watumiaji wake hawakuacha kujihesabu watu wa Macintosh hata mara moja. Chuma kilibadilika na mfumo ukabadilika, ila mazoea ya mikono na uwezo wa kuendelea na kazi za jana vikabaki.

Kusini mwa Maniema, mahali panapofaa kulichunguzia suala hili ni sekretaria publiki, duka dogo la kuandika, kuchapisha na kurudufu karatasi, ambalo watu wasio na kompyuta hulitegemea kwa maombi ya kazi, barua za ofisini, ripoti za shule, na kazi za kumaliza masomo ya juu ambazo kwa miaka mingi zimejulikana kwa herufi TFC. Vifaa vyake vya kawaida ni kompyuta mpakato moja au mbili, printa, mashine ya kurudufu kama biashara imenawiri, betri, kigeuzi cha umeme, na nje ya nyumba grupe, yaani jenereta ndogo ya petroli. Kompyuta zenyewe huwa ni okazi, jina la vitu vilivyokwisha kutumika: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad zilizofanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, zikauzwa kwa mkupuo, zikaingia mashariki ya Kongo kwa njia za biashara za Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie. Kwa hiyo ni wachache sana Kasongo walioketi na kulichagua jukwaa lao. Limechaguliwa na afisa ununuzi wa benki au shirika la mbali, aliyefikiria mahitaji ya wafanyakazi wake na umeme wa ukutani usiokatika.

Umeme ndio unaoanza kulikataa au kulikubali chaguo hilo. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi. Ikiwa ni ya risasi na asidi, kuiteremsha chini ya nusu mara kwa mara huifupishia maisha, hivyo zinazotumika kweli ni takriban 600, na kigeuzi, kifaa kinachougeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220, hula sehemu yake. Kompyuta mpakato inayotumia wati 40 itafanya kazi saa kumi na mbili hivi kwa akiba hiyo, ilhali kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake, ikitumia wati 150, itazima baada ya saa tatu na nusu. Printa ya leza nayo hupasha joto rola ili wino wa unga ushike kwenye karatasi, na kwa dakika hizo huvuta mamia ya wati, kiasi ambacho kigeuzi kidogo hakikibebi. Ndiyo sababu uchapishaji husubiri grupe iwashwe na wateja hukusanyika saa zilezile. Mtaalamu anayependekeza kompyuta za mezani kwa shule ya Kabambare kwa kuwa bei yake ya kwanza ni nafuu amesahau kwamba tofauti ya bei hiyo italipwa tena kwa paneli na petroli.

Kibodi ni sehemu nyingine ambayo uchaguzi wa mbali hugusa mikono moja kwa moja, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu vitabu vya kompyuta huipita haraka. Kongo ilirithi kutoka enzi za Wabelgiji mpangilio wa herufi uitwao AZERTY, kwa jina la herufi sita za mwanzo wa mstari wa juu. Mashine nyingi za okazi zinazopitia Dubai, Kampala na Dar es Salaam huja na QWERTY. Mipangilio hiyo miwili hutofautiana kwa herufi chache: A na Q hubadilishana nafasi, Z na W hubadilishana nafasi, na M huhama kutoka mstari wa chini kwenda kuliani mwa L. Kwa anayeandika Kifaransa usumbufu ni wa wastani, kwani W na Z hazimjii mara nyingi. Kwa anayeandika Kiswahili usumbufu ni mkubwa zaidi, kwa sababu herufi zilizohamishwa ndizo zinazobeba sarufi ya lugha: A ni irabu inayorudi kuliko zote, na W, Z na M huanzisha viambishi vya ngeli karibu katika kila sentensi. Karani aliyezoea AZERTY akiandika "wazazi" kwenye QWERTY bila kutazama vidole hupata "zqwqwi", na "mwalimu" humtokea kama ";zqli;u".

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba QWERTY inakitosha Kiswahili kabisa, kwa kuwa herufi zake hazina alama juu wala chini, lakini barua rasmi za Kongo huandikwa kwa Kifaransa chenye é, è, à na ç. Makarani wa QWERTY hutoka katika shida hiyo kwa namba za kukariri: kushikilia kibonye cha Alt na kuandika 130 kupata é, 138 kupata è, 133 kupata à, 135 kupata ç. Namba hizo ni urithi wa jedwali la herufi la ile kompyuta ya IBM ya 1981, na zinaendelea kufanya kazi ndani ya Windows, mfumo endeshi wa Microsoft, baada ya zaidi ya miaka 40. Zinahitaji vibonye vya namba vya upande wa kulia, ambavyo kompyuta mpakato nyingi ndogo hazina, na hivyo kibodi ya nje inakuwa kifaa cha lazima kwenye meza ambayo tayari ni finyu. Zaidi ya hayo, karani huyo akipewa mashine yenye Linux, mfumo endeshi huria unaotolewa bure, namba zake haziitiki tena, kwa sababu Linux huandika herufi zenye alama kwa njia nyingine, kama vile kuweka mpangilio wa kibodi wa kimataifa ambamo alama hubonyezwa kwanza na herufi hufuata. Mtu huyu hajui wala hahitaji kujua prosesa yake ni ya kizazi gani, lakini anajua kwa vidole vyake kwamba ameondolewa kwenye jukwaa lake, na mradi wowote wa kompyuta usiotenga siku za kumfundisha kibodi upya utamkuta akirudi kwenye mashine ya zamani.

Kasongo imewahi kuhama maandishi hapo nyuma, na kwa gharama kubwa kuliko hii. Wakati mji huo ulipokuwa makao ya mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, na mwanawe Sefu, Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Baada ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo yakiongozwa na Francis Dhanis kuuteka mwezi Aprili 1893, utawala na shule vikaleta hati ya Kilatini, na ujuzi wa kuandika wa kizazi kizima ukapoteza thamani ofisini ingawa lugha ilikuwa ileile. Hilo lakumbusha kwamba kuhamisha chombo cha kuandikia ni kuhamisha nani anahesabiwa kuwa msomi, na anayeamua uhamisho huo ana wajibu kwa wanaohamishwa.

Kutoka vidoleni kazi huingia katika faili, na hapa ndipo jaribio la Lotus 1-2-3 linapopata mwenzake wa Kasongo. Mwanafunzi huandikisha TFC kwenye sekretaria moja, huibeba kwa fulashi, yaani kijiti cha kuhifadhia mafaili, humpelekea mwalimu anayeisahihisha kwenye mashine yake, na huichapisha kwenye sekretaria ya tatu ambayo siku hiyo ina petroli. Faili hilo likifunguka likiwa na namba za kurasa, majedwali na aina ya herufi zilezile, mashine tatu hizo ni za jukwaa moja, hata kama mojawapo ina Word ya 2007, nyingine ya 2016 na ya tatu ina LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi ambayo hutolewa bure na ambayo yeyote anaruhusiwa kuinakili. Likifunguka huku jedwali limevunjika na kurasa 60 zimekuwa 64, mwenye kazi analipa mara mbili, na atalaumu mashine iliyo tofauti na nyingine. Mara nyingi chanzo huwa ni aina ya herufi isiyokuwemo kwenye mashine ya pili, hivyo programu huweka nyingine yenye upana tofauti. Dawa yake ni kutumia herufi za Liberation, zilizotengenezwa ziwe na upana uleule wa Times New Roman na Arial, na kutoa nakala ya PDF, faili lisilobadilisha sura popote linapofunguliwa, kabla ya kwenda kuchapisha. Ni maarifa madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama mashine ya bure itapokelewa mjini au itatengwa.

Fulashi hubeba pia virusi, programu zenye nia mbaya zinazojinakili zenyewe. Aina iliyozoeleka zaidi ni ile inayoyaficha mafaili yote ya fulashi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale, ili anayebonyeza jina la kazi yake aiendeshe ile programu. Kazi haijapotea: imewekewa tu alama ya kufichwa ambayo Windows huitii, ilhali Linux haiitambui alama hiyo na huonyesha kila kitu. Sekretaria iliyo na mashine moja ya Linux pembeni inaweza kurejesha kazi ya mteja kwa dakika chache, na huduma hiyo moja huwafanya watu waiamini mashine ngeni kuliko hotuba yoyote kuhusu uhuru wa programu.

Anayeamua hatima ya mashine, hata hivyo, ni fundi, na uwezo wa fundi hutegemea kilichomo kwenye diski yake ya nje. Huko huwa ana nakala ya Windows, mara nyingi isiyo na leseni, nakala ya Office, na viendeshi, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo endeshi kuongea na kadi ya sauti, ya mtandao au ya skrini. Mashine ikikwama, hufutwa na kuwekewa upya alichonacho fundi, si alichokuja nacho mteja. Hivyo jukwaa la Kasongo, kwa maana iliyo kamili zaidi, ni yaliyomo kwenye diski za watu wachache, na jukwaa la Kabambare ni lilelile likiwa mbali zaidi, kwani mashine iliyokufa huko aghalabu hufungwa nyuma ya pikipiki na kupelekwa Kasongo au mbele zaidi. Kompyuta ya Apple ya siku hizi, ambayo diski na kumbukumbu yake vimeunganishwa kwenye bodi kiasi cha kutobadilishwa kwa zana za kawaida, inabaki ya mpita njia katika mazingira hayo, hata ikiwa bora kwa vipimo vyote vya maabara.

Utaratibu huo umefika njia panda. Microsoft ilisimamisha masahihisho ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza, na Windows 11 hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017, au cha baadaye, pamoja na kijisahani cha usalama cha TPM 2.0. ThinkPad T420 na EliteBook 8460p za mwaka 2011, mashine imara ambazo sokoni zinatafutwa hasa kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana, zimeachwa nje ya mlango huo. Wengine watasema kwamba masahihisho hayakuwa yakipakuliwa huko hata zamani, kwa kuwa yanakula gigabaiti ambazo hakuna anayezinunua. Ni kweli kwa sekretaria nyingi, lakini si jibu kwa ofisi inayotunza habari za wagonjwa.

Ofisi hizo zipo, na zinaonyesha jukwaa la namna nyingine. Kasongo si ngeni katika takwimu za afya: utafiti wa Mradi wa Kasongo, uliofanywa na madaktari waliohusiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto, ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981 na ukajadiliwa duniani kwa miaka mingi. Leo zoni za afya za Kasongo na Kabambare, kama zoni nyingine za Kongo, hutuma taarifa zao kupitia DHIS2, mfumo ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao hufunguliwa ndani ya kivinjari, programu ya kusomea kurasa za intaneti. Kwa DHIS2, Windows, Linux na hata simu ni sawa. Kinachoweza kuizuia ripoti ni kitu kidogo zaidi: betri ya sarafu kwenye bodi ya mashine kuukuu ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi, na kivinjari hukataa kufungua ukurasa kwa kudhani cheti cha usalama wake bado hakijaanza kutumika. Karani asiyelijua hilo huona mtandao umekufa, na ripoti ya mwezi huchelewa kwa sababu ya betri ya CR2032.

Simu za Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ndizo kompyuta za watu wengi zaidi, kuanzia sokoni Kasongo hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Salamabila. Zinaendesha Android, ambayo kiini chake ni kilekile cha Linux, na hivyo wengi wanaosema hawajawahi kugusa Linux wanailaza chini ya mto kila usiku. Lakini simu bado haijajitosheleza: kazi iliyoandikwa humo huishia kutumwa kwa WhatsApp au kwa Xender, programu ya kuhamishia mafaili, hadi kwenye mashine ya sekretaria ili ipate karatasi na sahihi, na pale karatasi inapodaiwa, sekretaria inabaki mlango.

Je, Kiswahili chenyewe kina nafasi gani katika kuamua jukwaa? Majaribio yamefanyika: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ikatoa tafsiri ya Windows na Office kwa Kiswahili katika miaka hiyohiyo. Katika hazina ya kimataifa ya taarifa za lugha, ambayo mifumo endeshi huchota humo majina ya siku na miezi, Kiswahili cha Kongo kina alama yake ya sw_CD. Hata hivyo menyu za Kasongo zinabaki za Kifaransa, na sababu inaeleweka: mwanafunzi amefundishwa masomo ya juu kwa Kifaransa, fundi amejifunza kwa kutazama menyu za Kifaransa au Kiingereza, na anayeelekezwa kwa simu kutoka Bukavu lazima aone maneno yaleyale anayoyaona anayemwelekeza. Kutafsiri menyu bila kutafsiri mafunzo ni kumwacha mtumiaji peke yake na mashine isiyofanana na ya jirani. Mafunzo ya sauti na ya maandishi kwa Kiswahili kinachosemwa Maniema, yakielezea menyu za Kifaransa jinsi zilivyo, yangeleta faida mapema zaidi.

Linux, kwa hayo yote, inafaa kusini mwa Maniema kwa sharti moja: iingie kupitia diski ya fundi. DVD ya kwanza ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, pekee hubeba mfumo endeshi, LibreOffice na programu nyingine nyingi, inanakiliwa kihalali bila kikomo, na inaweza kusakinishwa kwenye T420 bila megabaiti hata moja kutoka kwa kampuni ya simu. Mashine yenye Linux iliyoletwa kutoka nje na mfadhili, pasipo mtu wa mjini aliyefundishwa kuisakinisha upya, ni yatima tangu siku ya kwanza, na kosa hilo halitakuwa la Linux. Wakuu wa shule, wa zoni za afya na wa parokia za Kasongo na Kabambare, kabla ya kuomba au kununua kompyuta nyingine, wawape mafundi wawili wa mji wao nakala ya diski hiyo, mashine moja kuukuu ya kujifunzia na siku za kulipwa, kisha wadai faili lililoandikwa kwao lifunguke na kuchapishwa katika sekretaria iliyo jirani. Litakapofunguka, ndipo wanunue.